Onyo la Kweli

Kassel, Ujerumani, 3 Novemba

Mwanaharusi dada yangu,

Barua yako imefika. Unauliza ni mwana gani huyu asiyekuja kumzika mama yake. Nisikilize kwanza.

Tangu nistaafu huwasaidia wazee wenzangu na kompyuta zao. Mwezi uliopita mfumo wa zamani unaoziendesha uliachwa na waliouunda, hawaurekebishi tena. Virusi vikiingia sasa, hakuna wa kuvizuia. Jana jirani yangu, Bi Hartung, alileta kompyuta yake. Mwaka mzima ilimwonya abadilishe mfumo, na mwaka mzima alilifuta onyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si wewe uliyetufundisha? Kinachotisha na kutaka haraka, futa! Nimebandika hata ukutani."

"Hili lilikuwa la kweli, jamani!"

"Sasa mimi nitajuaje, Bwana Shekuwe? Lina pembe?"

Nilimfokea, kisha nikakaa saa tatu kumwekea mfumo mpya, naye akinung'unika kwamba alama ya barua pepe zake imehama kutoka kushoto. Nilitamani kuitupa dirishani, kompyuta na mwenyewe.

Dada, ujumbe wako wa Septemba niliupata. "Kaka, hii ni namba yangu mpya. Mama amezidiwa, njoo haraka." Matapeli wa huku huanza hivyo hivyo, neno kwa neno, ndio mfano ninaowafundishia wazee. Niliufuta, nikaendelea na chai yangu.

Mama, Mungu amrehemu, aliningoja siku ngapi? Niandikie, hata kama ni nyingi.

Kaka yako,
Shekuwe