Chupa Isiyo na Lebo

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimepona. Mgongo wako je, na kusimama kutwa nzima? Kwa kuwa simu yako bado iko kwa fundi, nakuandikia kama watu wa zamani. Pokea chupa kubwa ya kitakasa mikono. Hapa kiwandani mimi ndiye mbandika lebo, na chupa ambayo lebo yake imekaa upande tunaruhusiwa kwenda nayo nyumbani, mradi tuibandue kwanza. Ulilalamika kwamba ukitaka kunawa lazima uvuke hadi bomba la jirani. Haya, usivuke tena.

Mdogo wako

10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unanung'unika lakini unanibeba. Chupa yako imenipandisha chati! Nimeiweka mezani, kando ya kiberiti cha gesi. Mteja akikaa, najimiminia mbele yake aone. Mama Pacha, yule mteja wangu mwenye domo, anasema nanukia hospitali. Tena nimegundua jambo: nikimaliza kusuka, vidole vimejaa mafuta ya nywele na kiberiti kinateleza. Basi napaka dawa yako, nawasha hapo hapo, nachoma ncha za rasta. Kazi chapchap. Jumamosi nina wateja sita wa harusi. Leta nyingine!

Dada yako

12 Machi

Dada,

Shikamoo. Salamu nyingine baadaye. Usiwashe kiberiti mikono ikiwa mibichi! Ile ni spiriti, inashika moto, na mwali wake mchana karibu hauonekani. Sugua mpaka ikauke kabisa, hata katikati ya vidole, ndipo uguse moto. Mafuta yatoe kwa sabuni na maji, dawa hii haiyawezi. Chupa iweke mbali na kiberiti, na juu, watoto wa wateja wasije wakainywa. Yote haya yako kwenye lebo. Naibandika kutwa kucha, halafu wewe nikakutumia chupa isiyo na neno hata moja! Dereva wa mizigo anaondoka sasa hivi, nimemsumbua mpaka kaniita kichaa. Andika tu "nimeelewa".

Mdogo wako

21 Machi

Dada,

Shikamoo. Siku tisa. Dereva anasema alifika Jumamosi alasiri akakuta saluni imefungwa, akasukuma barua chini ya mlango. Wewe, kufunga Jumamosi? Ya harusi? Leo nimebandika lebo kichwa chini, msimamizi kanitoa kwenye mashine. Ruhusa wananipa mwisho wa mwezi. Nitukane ukitaka, lakini andika.

Mdogo wako

28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kushoto, usicheke. Barua yako ya onyo niliiokota juzi, chini ya mlango wa saluni.

Alikuwa mteja wa tatu. Moto sikuuona, nilisikia joto tu. Nilimsukuma yeye kwanza, hakuungua hata unywele mmoja. Mkono wangu wa kulia ndio ulioungua. Daktari anasema vidole vitaweza kukunjika tena, ila cha shahada hajaniahidi. Msusi bila kidole hicho ni nani? Nimelia, sikufichi. Nilikukasirikia siku nyingi, kisha nikajikasirikia mwenyewe, sasa nimechoka na hasira zote mbili.

Tangu siku ile sijachana nywele, najifunga kitambaa. Wenzangu wa saluni wanajitolea kunisuka, nawakatalia. Ukipata ruhusa, njoo wewe. Nilikufundisha kusuka hujajua hata kusoma, na unavuta nywele kama mimi, kwa nguvu ile ile. Nataka kusikia vidole vyangu kichwani.

Dada yako