Wimbo Aliouacha Wandera

Ukiliokota daftari hili, nakuomba ulifunge. Kama umeshasoma mstari huu, ishia hapa, wala usimwambie mtu, hasa mtu wa ukoo wangu. Ninawaogopa.

Jumatatu, 6 Juni 1955. Tororo

Kupima marobota ya pamba bohari ya stesheni tangu asubuhi. Mvua. Wenzangu walipokwenda kula nililala chali juu ya robota, jiwe la mizani tumboni, nikavuta pumzi mpaka jiwe likapanda. Ni agizo la Hamisi. Hamisi ana lori na gitaa, na bendi yake ndiyo aliyoimbia kaka yangu Wandera. Anasema nikipandisha mabega pumzi imekaa pabaya. Tumbo ndilo liinuke.

Wandera tulimzika kwetu Samia mwezi wa tatu. Sikulia. Mpaka leo sijalia. Niko kama mkono uliolaliwa.

Jumamosi kuna dansi Busia ya kumkumbuka. Nitaimba mahali pake. Wimbo wenyewe ni ule aliomtungia mkewe, Nabwire.

Jumapili wazee wanakaa. Wanataka nimrithi Nabwire na watoto. Mdogo wake Wandera ni mimi peke yangu. Simtaki. Ninaogopa kusema simtaki.

Jumatano, 8 Juni

Mazoezi nyuma ya nyumba ya Hamisi. Niliimba ubeti wa kwanza. Akaweka gitaa chini.

"Karani, unatangaza treni?"

Wote walicheka, hata mpiga ngoma ambaye hacheki.

Kosa langu ni la kwaya. Kanisani tulifundishwa kuifikisha sauti ukuta wa nyuma, kila neno na uzito wake sawa. Wimbo wa mapenzi hauendi ukutani. Unaanza karibu na kusema. Ukiimaliza sauti ubeti wa kwanza, wa mwisho utaupa nini? Hayo ni ya Hamisi. Mimi naandika tu nisisahau.

"Imbia mtu mmoja," alisema. "Mmoja tu. Wale wengine watasikiliza kwa wivu."

Nikauliza mtu gani.

"Hiyo mimi sijui. Nakwenda kuswali."

Ijumaa, 10 Juni

Maji ya uvuguvugu, soda hapana. Njiani navumisha sauti midomo ikiwa imefungwa. Koo lifunguke kama la mtu anayepiga mwayo. Neno refu likae kwenye irabu. Nikiling'ang'ania mwishoni linanikaba.

Kwenye kiitikio kuna jina, Nabwire. Wandera alikuwa akivuta pumzi puani kabla yake, kimya, ili asilikate katikati. Mimi nalikata kila mara.

Bwana mkubwa wa bohari alinikuta ninavumisha, akauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Nimejaribu kumwimbia Nabwire moyoni. Hapana kitu. Nimejaribu msichana wa posta. Hapana kitu.

Jumapili, 12 Juni, asubuhi. Busia

Sijala.

Jana ukumbi ulijaa. Kipaza sauti kilikula betri ya lori la Hamisi. Nabwire alikaa karibu na mlango, kitambaa cheusi kichwani, katikati ya baba mdogo Ouma na wazee wengine.

Nilisogea mpaka chuma kikanigusa mdomo. Nilianza chini, nikiwa karibu nasema. Penye sauti ya juu nilirudi nyuma kidogo, kama alivyokuwa akifanya yeye. Kabla ya jina nilivuta pumzi puani. Jina likatoka zima. Hapo nikajua ninamwimbia nani, nikafumba macho mpaka mwisho. Hakuna aliyekohoa.

Nje baba mdogo alinishika bega.

"Kijana, tumekusikia. Umesimama mahali pa kaka yako, umemwita mke wake mbele ya ukoo. Jibu limefika."

Wazee wa kwetu huhesabu hivyo, kuwa ni kukubali kumrithi. Nilijua. Nimelijua jambo hilo tangu utotoni. Juma zima nilikuwa nahangaikia pumzi, sikulikumbuka hata mara moja.

Nikamshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru.

Jumapili, jioni

Kikao nyumbani kwa baba mdogo. Alisema hakuna la kujadili, imebaki siku ya kumhamishia kwangu mjane na watoto. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Nabwire aliomba kusema.

"Baba, shemeji hakuniita mimi."

"Jina si lako?"

"Jina ni langu. Lakini wimbo ule nimeimbiwa jikoni mpaka ugali ukaungua. Ukija kwangu naujua. Jana ulinipita pembeni." Akanigeukia. "Shemeji, sema mwenyewe. Ulikuwa unamwimbia nani?"

"Kaka," nikasema.

Mzee mmoja aliguna. Baba mdogo akauliza tangu lini mwanamume akamwimbia mwanamume wimbo wa mke.

"Alikuwa kaka yangu." Sauti ilitoka tumboni, mabega hayakupanda. "Na simrithi Nabwire, baba mdogo. Watoto nitawasaidia. Yeye simrithi."

"Na mimi sijaomba kurithiwa," alisema Nabwire. "Nina cherehani."

Bibi aliyekuwa akimenya viazi mlangoni alicheka, akajificha uso. Baba mdogo alichukua kofia yake. Alisema shule imetuharibu wote wawili. Hakutulaani. Nilisubiri atulaani, hakutulaani.

Jumatano, 15 Juni. Tororo

Pamba. Jua kidogo.

Mchana nililala chali na jiwe tumboni. Sina sababu tena, wimbo umekwisha kuimbwa. Jiwe likapanda, likashuka. Machozi yakaniingia masikioni. Yaliendelea muda. Jiwe likawa linaruka, nikalishika lisianguke.

Nikalifuta, nikalirudisha kwenye mizani.

Hamisi alipita na lori. Anataka niimbe kila Jumamosi. Anasema bado nakaza shingo. Nimekubali.

Wewe uliyeliokota, kama umefika mpaka hapa, basi nirudishie. Bohari ya mizigo, stesheni ya Tororo, uliza karani mfupi. Jumamosi jioni nitakuwa Busia, anapoegesha lori Hamisi. Ukinikuta nimefumba macho, subiri nimalize.