Wimbo wa Kuku Haumo Kwenye Santuri

Msambweni, Jumapili, 1956

Joto la leo halina adabu. Tangu asubuhi hata jani halitikisiki, nami nimejifungia chumbani nikisema kichwa chaniuma. Hakiniumi.

Jana mwanangu Rashidi, mwalimu wa skuli kule Kwale, alikuja na gramafoni na kasha zima la santuri: nyimbo bora za Mzee Masudi, mwimbaji wetu wa huku shamba, ambaye hapakuwa na harusi kuanzia hapa mpaka Majoreni isiyomtaka. Watu wa Mombasa na mashine yao ya kunasa sauti, Rashidi ndiye aliyewaleta mwaka jana. Yeye, si mwingine. Mtoto niliyemsomesha kwa kuuza makuti na kusuka ukili wa mikeka! Nani mji huu ana mwana kama huyo?

Lakini nazunguka. Niandike lile jambo.

Rashidi aliniuliza mimi nyimbo zipi zinaswe, maana miaka mingi alikuwa bweni. Nikamtajia zote nzuri, nikaacha mmoja unaozishinda zote: wimbo wa yule kuku aliyetaga yai moja, na mji mzima usilale kwa makelele yake.

Kuku huyo ni mimi.

Mzee Masudi aliutunga Rashidi alipofaulu mtihani, nami nikazunguka nyumba hadi nyumba kuwapa watu habari, wengine mara mbili. Mbele ya Rashidi hauimbwi, kwa kumstahi. Lakini wanawake wakiniona na kanga mpya, huuanza taratibu.

Jana baada ya alasiri wanaume walijaa barazani, sisi wanawake ukumbini nyuma ya mlango. Mwaka jana Mzee Masudi aliimba alizoombwa tu, akiamini Kuku atafuata siku nyingine; mwaka huu akapata kiharusi. Mdomo umekwenda upande na kuimba hawezi tena. Aliketi karibu na gramafoni akisikiliza sauti yake mwenyewe. Santuri ya mwisho ilipokwisha, hakuinuka. Akangoja. Kisha akasema kwa taabu, "Na Kuku?"

"Kuku gani, mzee?" Rashidi akauliza.

Bi Mwanasha, jirani yangu, akanigusa kwa kiwiko. "Mama Rashidi, vipi? Kuku leo kagoma kutaga?" Wanawake wakacheka. Nikacheka nao.

Huko nje mtu akasema, "Elimu hiyo! Mwalimu kabeba makumbi, nazi kaiacha."

Na mwanangu, mbele ya watu wazima wote, akajibu, "Nisamehe, mzee. Ni mimi niliyesahau."

Hakusema kwamba aliniuliza mimi. Nami nilikuwa hapo hapo nyuma ya mlango, na mdomo wangu huu, ambao haujapata kukosa neno, ukakosa neno.

Mzee Masudi alipokuwa akiondoka nilimwamkia. "Shikamoo, mzee." Akasema, "Marahaba, mwanangu," kwa upole wake ule ule. Laiti angenitukana.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nilimwepushia Rashidi aibu. Uongo. Nilijiepushia mwenyewe, kisha aibu nikamtwika yeye. Na wimbo wenyewe, wallahi, ni mtamu. Mara ngapi nimejikuta nautwangia mpunga!

Sasa haumo kwenye santuri, wala haumo tena kooni mwake.

Rashidi anarudi Kwale kesho. Kabla hajapanda baiskeli yake nitamwambia ni nani aliyeuficha wimbo ule, na kuku ni nani. Anaweza kunikasirikia, ana haki. Kisha nitakwenda kwa Mzee Masudi, niketi mkekani na wajukuu zake, niwafundishe Kuku mbele yake, beti zote, hata ule wa kanga unaonichoma. Nikikosea, atanionya kwa mkono.

Sitakosea. Mji mzima huu hakuna aujuaye kama mimi.