Salamu za Kananu Juu ya Theluji

Jumatatu, 6 Januari 1997

Nimesahihisha insha za likizo mpaka mkono umeuma. Kisha nikaanza makala dhidi ya michezo ya matajiri. Aya mbili kali. Sikuendelea, kwa sababu nilipokwenda kuitazama githeri yangu ya mahindi na maharage, Kagendo alininyatia akanisukuma. Mtoto wa kaka yangu, niliyemlea mwenyewe hapa Kaaga, karibu anitumbukize kwenye sufuria.

"Tata, umetanguliza mguu wa kulia," akasema, maana shangazi kwetu ni tata. "Wewe ni gufi."

Ndivyo wanavyompima mwanafunzi mpya kule Austria, alikokuwa akifundisha watu kuteleza kwenye theluji wakiwa wamefungwa miguu yote miwili juu ya ubao mmoja. Unamsukuma bila kumwonya. Mguu unaotangulia ndio utakaokaa mbele. Ukiwa wa kulia, anaitwa gufi, yaani mjinga mjinga. Nimekasirika. Nani aliwapa ruhusa ya kuutukana mguu wangu?

Sanduku lake liko sebuleni, limefungwa. Anaondoka mwisho wa mwezi. Silitazami.

Jumatano, 8 Januari

Kumbe hataki kuondoka. Anataka kufundisha ubao hapa, kwenye barafu ya mlima wetu wenyewe. Lakini waongozaji wa wapanda mlima ndio wenye njia, na mwenyekiti wao, Mzee Njiru wa Embu, amemcheka. Alimwambia watu wetu wanajua kupanda. Kuteleza ni ajali. Mwishowe akampa sharti. Tarehe ishirini na tano amwonyeshe mtu mmoja wa huku, aliyefunzwa huku, akishuka barafu mpaka chini. Akishindwa, asiwasumbue tena. Basi atarudi Austria, nami nitabaki na redio.

Mwanafunzi amepatikana. Kananu wa Kanyakine, jirani ya shamba la kaka. Amebeba kuni kutoka msituni tangu utotoni. Miguu kama nguzo, ulimi kama wembe. Nampenda tayari.

Makala nimeichana. Nitaandika nyingine, dhidi ya Njiru.

Jumamosi, 11 Januari

Kanyakine. Kagendo na Kananu wametandika majani ya migomba kwenye mteremko nyuma ya boma la kaka na kuyamwagia maji. Kagendo akaanza na majina. Ncha ya mbele ya ubao ni pua, ya nyuma ni mkia. Kuna kingo mbili, ukingo wa vidole na ukingo wa visigino. Unasimama juu ya mmoja au mwingine. Ukiulaza ubao bapa, mlima unakutupa. Theluji mpya iliyo laini ni unga. Kushuka polepole kwa ukingo mmoja, ukienda kushoto, ukirudi kulia, kunaitwa jani linaloanguka.

Jina hilo nimeshindwa kulichukia. Nililitazama jani la mgrivelia likishuka kando ya ua. Ndivyo hasa. Aliyelibuni jina hili alikuwa na macho.

Nilileta majina yangu mwenyewe ya Kiswahili, marefu, yenye heshima zote. Kananu akayasikiliza kwa adabu.

"Mwalimu," akasema, "nikimaliza kulitaja hilo nitakuwa nimeshavunjika."

Jani linaloanguka amelijua kabla ya chai. Kugeuka hawezi. Kila akigeuka anaanguka. Kagendo anamwambia atazame anakokwenda, lakini shingo yake haizunguki. Macho yako kwenye ubao tu.

Jumanne, 14 Januari

Bado. Ameanguka kutwa nzima. Kiwiko kimechubuka. Kagendo hakula. Naogopa, na hofu inanifanya mkali. Nimemfokea kaka bure.

Ijumaa, 17 Januari

Nimekutana na Kananu njiani hapa Kanyakine, anatoka msituni na kuni mgongoni, ukanda wa mzigo kwenye paji la uso. Nilikuwa kando ya njia. Hakugeuza kichwa, kwa mzigo ule shingo ingevunjika. Aligeuka mwili mzima, macho, mabega, nyonga na nyayo kwa pamoja, akanielekea, akasema, "Muga, Mwalimu."

Nimewaona wanawake wa huku wakisalimiana hivyo maisha yangu yote. Leo ndipo nimeona.

Nikakimbia mpaka kwa Kagendo. Kwa umri huu, kwa viatu vile. Alinisikiliza, akanitaka niigize, nikaigiza mbele ya mbuzi. Kisha akamfunga Kananu ukanda mtupu kwenye paji, ncha zake azishike mkononi.

"Usigeuke," akamwambia. "Kushoto yuko mama mkwe wako. Msalimie."

Kananu akasalimia kushoto. Ubao ukamfuata. Akasalimia kulia. Ukamfuata tena. Akafika chini amesimama, akatuuliza mbona tulimficha jambo hilo siku zote hizo.

Jumamosi, 25 Januari

Mlimani. Nilipanda mpaka kwenye mawe chini ya barafu, kichwa kikipasuka. Usiku ulianguka unga. Njiru alikuwa karibu nami, mikono kwenye mifuko ya koti.

Kagendo alikuwa juu na Kananu. Halafu akasogea kando, Kananu akabaki peke yake, doa jeusi kwenye weupe ule wote, ukanda kwenye paji.

Kona ya kwanza akaketi. Moyo wangu ukaniambia sanduku, sanduku. Njiru akakohoa.

Akainuka. Akasalimia kushoto. Akasalimia kulia. Akaja chini akiwasalimia watu wasiokuwepo, bila haraka, kama anayetoka kanisani na kila mtu anamjua. Sijawahi kuona mwanadamu mwenye adabu kama ile. Nililia waziwazi.

Alisimama hatua chache kutoka kwa Njiru, theluji ikamrukia mzee viatuni. Akamgeukia mwili mzima.

"Muga, Mzee."

Njiru akavua kofia.

"Muga," akasema. Kisha, Kagendo aliposhuka, akamwuliza darasa linaanza lini.

Jumatano, 29 Januari

Insha tena. Mvua ndogo, si ya msimu wake. Sanduku limeingia chumbani, Kagendo ameweka blanketi ndani yake. Kona sasa inaitwa salamu, mpaka Njiru anasema hivyo. Majina yangu nimeyaweka kando.

Jioni Kananu alikuja huku Kaaga, akampelekea jirani yetu kuni. Alinigeukia pale langoni. Nikamgeukia pia, mwili mzima, ingawa sikuwa nimebeba kitu.