Fungu la Mtoto wa Tanganyika

Jumatatu, 4 Julai 1949
Chaki imekwisha tena. Tumeandika kwa mkaa. Tabita, binti yangu, amebaki kufagia darasa bila kuambiwa. Anamaliza darasa la nne mwaka huu, na hapa Goweko la nne ndiyo mwisho. Kumsomesha Tabora mjini siwezi, nimeshapiga hesabu kila namna.

Bwana Elimu, yule ofisa Mzungu wa serikali, anakuja Alhamisi kusikiliza ombi letu la darasa la tano. Mimi ndiye wa kueleza. Pia wa kutafsiri, maana Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu.

Jumanne, 5 Julai
Nimeshinda na magazeti anayoniwekea karani wa stesheni. Bajeti za elimu tangu vita ilipokwisha. Uganda upande mmoja, sisi upande wa pili. Nimegawanya kwa idadi ya watoto. Fungu la mtoto wa Uganda linanenepa kila mwaka. La wetu nalo linakua, kwa mwendo wa kinyonga. Nimekasirika.

Wazazi wengi hawasomi tarakimu. Nitawapangia mafungu ya karanga mkekani, mwaka kwa mwaka, nchi hii na nchi ile. Karanga, kwa kuwa hata serikali siku hizi imezipenda hadi kuzifungulia mashamba makubwa.

Jumatano, 6 Julai
Nimewaonyesha wazazi. Wameelewa upesi.

Mama Yohana, jirani wa shule, akauliza: "Mwalimu, na matofali tuliyofyatua sisi yako fungu lipi?" Nikamwambia hayamo, hii ni fedha ya serikali tu. Hakuridhika. Mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, akasema ni aibu mgeni akute fungu la nyumbani dogo hivi. Nikajibu ndivyo ninavyotaka, alione. Wakanitazama kama mtu anayemfunulia mgeni chungu kitupu.

Alhamisi, 7 Julai
Nilikwenda stesheni kumpokea. Treni ilichelewa. Tuliporudi, tulikuta fungu la Tanganyika la mwaka huu limefunika nusu ya mkeka. Kila nyumba ilileta kibaba chake. Fungu la Uganda pembeni limekuwa kama la kuonja. Mama Yohana kavaa kanga mpya, kasimama karibu na mlango, karidhika.

Bwana Elimu akauliza maana yake. Mwanangwa akajibu: "Zile chache za chini ni za serikali. Hizi nyingine ni jasho letu wenyewe." Nilitafsiri sawasawa. Nikaongeza la kwangu, kwamba jasho hilo ndilo linaloziba pengo la serikali. Akaitikia kwa kichwa, amefurahi kweli, akaandika kwa muda mrefu. Akala karanga mbili. Watu wakapiga makofi. Nilitaka kulia, ila nilikuwa bado natafsiri shukrani.

Jumamosi, 9 Julai
Sina hamu ya kusema na mtu. Nimewachukia kidogo, hasa Mama Yohana. Ameniletea kuku wa pongezi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akasema nilizungumza vizuri sana mbele ya Mzungu. Kuku tumemla. Tabita ameuliza kama darasa la tano wanasoma jiografia. Nilimjibu vibaya.

Ijumaa, 22 Julai
Jibu limekuja kwa treni ya asubuhi. Tunasifiwa. Watu wenye moyo wa namna hii wanaweza kuanzisha la tano kwa nguvu zao. Fedha itapelekwa kwa wasiojiweza.

Nimewasomea wazazi wote. Nilitegemea watajuta, au angalau wakasirike. Wamefurahi kwamba ruhusa imepatikana. Mwanangwa aliuliza jambo moja tu: chumba kiwe na madirisha mangapi. Nikasema manne, nikarudi nyumbani.

Jumatatu, 25 Julai
Wanakanyaga udongo tangu alfajiri. Wanaimba kwa Kinyamwezi, nyimbo za kulimia. Mwalimu wa la tano hakutajwa kwenye jibu, kwa hiyo ni mimi, kwa mshahara uleule.

Tabita anabeba maji pamoja na wanawake. Januari ataingia la tano. Kwenye bajeti ya Tanganyika, masomo yake hayatakuwa yamegharimu kitu. Amenipungia mkono. Nimevua viatu nikaingia topeni.