Mikono Ilizidi Watu

Nyumbani,
chumba cha cherehani.
Jumapili, mwezi wa tatu.

Mpendwa Kaka Kimya,

Jina hilo umejipa mwenyewe kwa kutojibu barua, usininunie. Hujambo huko uliko? Goti linaendeleaje, na wifi amepona kikohozi? Sisi huku wazima wa mwili. Kichwa changu ndicho kimevurugika, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kumalizia nguo za watu.

Unakikumbuka kisima cha mtaa, kile tulichokuwa tukiteka kabla ya kwenda shule? Tangu kiwanda cha kutia rangi vitambaa kichimbe kisima chake kirefu huko juu, chetu kimepungua. Kamba ya ndoo tumeiunga, na ikifika jioni unateka tope. Sasa kiwanda kinataka kuchimba cha pili ili kiongeze mashine na kuajiri watu zaidi. Wakikosa, wamesema watapunguza wafanyakazi, wakianza na wanaosuuza. Mtaa umetakiwa kutoa kauli.

Ungedhani jibu ni rahisi. Lakini binti yangu, mpwa wako, anafanya kazi huko huko, tena kwenye kusuuza. Mshahara wake ndio ulioezeka upya nyumba hii. Hata mimi, tangu watu waanze kulipwa, cherehani yangu haipoi. Wanashonesha suruali, halafu wananiuliza watazifulia nini.

Basi jana tulikutana uwanjani. Mwenyekiti wa mtaa akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Nikamfikiria mwanangu, nikanyoosha. Akasema wanaokataa nao wanyooshe. Nikaifikiria ndoo, nikanyoosha tena. Haki ya Mungu sikujitambua, mpaka nilipomwona mwenyekiti anahesabu, anarudia, anavua miwani.

"Jamani, mikono imezidi watu. Nani kaja na ya kuazima?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilidhani ujinga ule ni wangu peke yangu, kumbe ni wa nusu ya mtaa. Mtaka yote hukosa yote, najua, lakini kipi hapo cha kuacha? Tumeambiwa turudi Jumamosi, kila mtu na mkono mmoja.

Nilikuwa nimekaa mbele, sikuona wa nyuma walivyonyoosha. Nyumbani nikangoja binti yangu anicheke. Hakucheka.

"Mimi nilinyoosha mara moja tu, mama. Nilikataa. Kazi nitatafuta kwingine. Wewe utateka wapi?"

Nikaenda kwa bibi jirani, yule mjane mwenye bustani ya mboga. Hana mtu kiwandani, na kisima kile ndicho kinachomlisha. Nilikuwa na hakika kwamba yeye angalau alikataa kwa moyo mweupe.

"Nilikubali," akaniambia. "Mimi na mboga zangu tumebakisha nini? Mwanao ndiye anaanza maisha."

Kaka, nililia njia nzima. Wanasema kila mwamba ngozi huvutia kwake. Ingekuwa hivyo ningewaelewa, tungegombana yakaisha. Sasa mwenye kazi anatetea kisima, mwenye kisima anatetea kazi, nami nikinyoosha upande wowote ninamnyang'anya mmoja wao kitu ambacho ameshakitoa kwa hiari yake. Naona haya, naona fahari, na sijui nifanye nini.

Usiniandikie busara. Niambie tu wewe ungenyoosha lini, mara ya kwanza au ya pili, nami nijue angalau mmoja wetu anaona njia.

Wasalimie sana wifi na mapacha wenu, mwambie shemeji wa dukani nguo zake ziko tayari. Mungu akulinde kazini, akupe usingizi mzuri kuliko wangu.

Mpwa wako na bibi jirani wanakusalimu pia. Nawaona hapa dirishani. Wamekaa ukingoni mwa kisima, wanasubiri maji yapande, na kila mmoja anamsukumia mwenzake ndoo atangulie.

Nakupenda hata ukinyamaza,
Dada yako