Fisi Ni Fisi Tu

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mama amepata wateja wa sare za shule, nami namsaidia kutia vifungo huku nikingoja matokeo ya mtihani.

Baba amerudi. Unakumbuka alipotufundisha fasihi darasani hakumwacha mnyama wa hadithi apite bila kuuliza, "Huyu anamwakilisha nani?" Mwezi uliopita alifundisha hadithi ya fisi aliyepewa kazi ya kulinda mbuzi. Watu wa usalama wakaja shuleni kumwuliza fisi huyo ni nani. Akacheka: "Mbona mmemtambua kabla ya wanafunzi wangu?" Wakamchukua.

Wamemwachia baada ya kutamka mbele ya walimu wote kwamba fisi ni fisi tu. Nilimshukuru Mungu, Dada. Ila nilidhani Baba ni mhusika bapa, yule asiyebadilika mwanzo hadi mwisho.

Jana Mama alipokwenda sokoni, nilifunga mlango nikamsomea Baba hadithi niliyoitunga, ya simba kipofu anayeamuru jua lizimwe. Nikangoja swali lake. Alitazama dirishani, kisha akaninong'oneza, "Simba mzuri huyo, mwanangu. Ni mnyama tu, sivyo?"

Tulikuwa wawili tu chumbani. Nikamjibu, "Ndiyo, Baba."

Tuombee.
Mdogo wako